Mahavishnu Orchestra: Jina Lenyewe na Watu Watano

Wanafunzi wetu wanaposoma habari za Morogoro Jazz, Tabora Jazz, au OK Jazz iliyoanzishwa Léopoldville mwaka 1956, hudhani kuwa bendi hizo zilipiga jazi ya Wamarekani weusi. La hasha. Katika ukanda wetu neno hilo lilikuwa na maana ya bendi ya dansi, basi. Kule New York, kinyume chake, neno "jazi" lilikuwa na walinzi wake, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ugomvi ulikuwa mkali: je, mpiga jazi akichukua gitaa la umeme na mdundo wa roki, bado anapiga jazi?

Mmojawapo wa waliolijibu swali hilo kwa vitendo ni John McLaughlin, mpiga gitaa Mwingereza aliyezaliwa Doncaster mwaka 1942. Aliingia New York mapema mwaka 1969 kwa mwito wa mpiga ngoma Tony Williams, aliyekuwa akiunda kundi lake la Lifetime. Kabla hata hajazoea mji, Miles Davis alimchukua studio kurekodi In a Silent Way mwezi Februari, na Bitches Brew mwezi Agosti. McLaughlin mwenyewe amesimulia kuwa ni Davis aliyemwambia kuwa wakati wa kuwa na bendi yake umefika.

Hapo ndipo linapoingia suala la jina, ambalo sisi walimu wa lugha hatuwezi kulipita hivi hivi. Mwaka 1970 McLaughlin alikuwa mfuasi wa Sri Chinmoy, mwalimu wa kiroho kutoka Bengal, naye akampa jina Mahavishnu. Vishnu ni mungu wa Wahindu. Maha ni "kubwa", ndiyo ile ile tuliyoipokea ndani ya neno maharaja. Kuhusu "Orchestra", Mzungu hutarajia watu sitini wenye fidla na tarumbeta. Hawa walikuwa watano tu! Msomaji wa kwetu, aliyezoea Orchestra Maquis na nyinginezo, hatashangaa.

Watano hao walikusanywa mwaka 1971. Billy Cobham, mpiga ngoma, alizaliwa Panama na kukulia New York. Alikutana na McLaughlin katika kazi za studio za Davis. Jan Hammer wa kinanda alizaliwa Prague, akaiacha nchi yake baada ya majeshi ya Mkataba wa Warsaw kuivamia mwaka 1968. Rick Laird wa gitaa la besi alikuwa mzaliwa wa Dublin, aliyefahamiana na McLaughlin tangu London. Kwa fidla McLaughlin alimtaka Mfaransa Jean-Luc Ponty, lakini masuala ya uhamiaji yakakwamisha, hivyo nafasi ikaenda kwa Jerry Goodman wa bendi ya The Flock ya Chicago. Kwa maoni yetu kikwazo hicho kilikuwa cha heri, kwani Goodman alitoka upande wa roki, na bila yeye mizani ingeelemea jazi mno.

Mwezi Julai walipanda jukwaani Greenwich Village kwa mara ya kwanza, na mwezi uliofuata wakarekodi The Inner Mounting Flame kwa kampuni ya Columbia. Anayefundisha arudhi aisikilize. Badala ya mapigo manne yaliyozoeleka katika roki, anakuta mafungu ya mapigo yasiyo sawa, mfano wa shairi ambalo mizani yake inabadilika kila ubeti na bado halipotezi urari.

Lakini mbegu ya mfarakano ilipandwa mapema. Nyimbo zote za santuri mbili za mwanzo ziliandikwa kwa jina la McLaughlin, ilhali wenzake waliona mchango wao umo ndani yake. Juni 1973 walirekodi London santuri ambayo safari hii ilikuwa na tungo za Hammer, Goodman na Laird pia. Hawakuafikiana juu yake, na mwisho wa mwaka huo kundi la kwanza likavunjika. Kanda hizo zilikaa kabatini hadi mwaka 1999, zilipotolewa kwa jina la The Lost Trident Sessions, na hapo ndipo tungo za hao watatu zilipofika kwa wasikilizaji zikiwa zimepigwa na bendi yenyewe studio.