Pacha Mkubwa na Pacha Mdogo

Somo letu la leo ni habari za mapacha.

Zamani, katika nchi ya Wanyakyusa, kuzaliwa kwa mapacha hakukuwa jambo dogo. Bibi Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya kazi huku kati ya mwaka 1934 na 1938, wakijifunza desturi za wenyeji. Bibi huyo aliandika kwamba mapacha na wazazi wao waliitwa abipasya, maana yake watu wa kuogopwa. Walitengwa. Ilisadikiwa kwamba ndugu, jirani, hata ng'ombe, wakikaribiana nao wataharisha na kuvimba miguu. Kwa hiyo ukoo, majirani na ng'ombe wa nyumba wote walihusika katika tambiko.

Tusiwacheke wazee. Hatari ilikuwapo kweli, ila haikumwendea ng'ombe. Ilimwendea mama na watoto, hasa yule mdogo.

Lakini kwa nini mmoja awe mdogo, nao wametoka katika yai moja? Watu husema mkubwa amemnyang'anya mwenzake chakula. Maneno hayo ni nusu ya kweli, maana mtoto tumboni hanyang'anyi. Katika kila mimba 10 za mapacha wa yai moja, kama 7 hivi zina kondo la nyuma moja tu, nao watoto hulitumia pamoja. Fikirini shamba moja la ndugu wawili. Likigawanywa vibaya, mmoja hupata shamba zima karibu, na mwenzake hupata pembe tu. Huyo wa pembeni hukua polepole, na pengine hufa kabla ya kuzaliwa.

Tena iko mishipa ya damu inayopita kutoka upande mmoja hata wa pili, kama mifereji. Mjerumani Friedrich Schatz aliichunguza, akaandika habari zake mwaka 1882, miaka 9 kabla Wamoraviani hawajafungua misheni ya Rungwe. Damu ikihama kwa wingi, mmoja hupungukiwa na mwingine huzidiwa. Huo ni ugonjwa mwingine, usichanganywe na ule wa kwanza.

Mikono ya mkunga haiwezi kujua kondo ni moja au mawili. Kipimo cha mawimbi ya sauti huweza, na wakati mzuri ni majuma ya 11 hata 14 ya mimba. Kondo likiwa moja, mama hupimwa kila majuma mawili tangu juma la 16. Dawa ya kulikuza fungu la mdogo haipo. Daktari huangalia damu ya kitovu, kisha huchagua siku ya kuzalisha.

Tofauti ikifika robo ya uzito wa mkubwa, madaktari huishika sana. Sasa fungueni madaftari. Mkubwa ana gramu 2,000, mdogo gramu 1,500. Je, imefika robo? Na wakiwa na gramu 2,500 na 2,000?