Migongo Iliyobeba Malindi

Habari za Malindi zimekwisha kuandikwa mara nyingi kwa majina ya wale waliofika kwa bahari, tangu Vasco da Gama aliyetia nanga hapo mwezi wa Aprili mwaka 1498 akapewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi, mpaka Sultani Majid bin Said wa Unguja, aliyeuhuisha mji huo uliokuwa mahame mnamo mwaka 1861. Lakini uti wa mgongo wa yule aliyeichukua mizigo yao haukupata mwandishi, hali ya kuwa, kwa rai yangu, ndio uliousimamisha mji.

Majid alipopeleka askari wake na matajiri wakafungua mashamba, Malindi iligeuka katika miaka michache kuwa ghala la nafaka la pwani, ikisafirisha mtama na ufuta kwa majahazi hadi Arabuni. Na kazi yote hiyo, tangu kufyeka msitu, kulima, kupalilia na kuvuna, hata kuifikisha nafaka ufukoni, ilikuwa juu ya watumwa. Atakayeitafakari siku moja ya kazi ile ataona kwamba kiuno hakikuwa na saa ya kupumzika, kwani jembe humkunja mtu asubuhi nzima, na mzigo ukamgandamiza kutoka juu jua lilipopinda.

Ili kujua kazi hiyo ilivyoudhuru mgongo, kwanza tuutazame ulivyoumbwa. Mwanadamu huzaliwa na pingili 33 za mgongo: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, na 9 za chini ambazo baadaye huungana zikawa mifupa miwili, wa mwisho ukiwa kitokono. Kati ya pingili na pingili Mola ameweka kitakia cha gegedu, ambacho pembeni ni pete ngumu ya nyuzinyuzi na ndani ni ute mzito, nacho kwa mtu mzima hakina mishipa ya damu yake mwenyewe, hata kikijeruhika hupona kwa taabu. Mchukuzi anapoinama, gunia likiwa mbali mbele ya kifua chake, vitakia viwili vya chini kabisa vya kiuno hubeba uzito unaozidi ule wa gunia mara nyingi, kwa kanuni ya wenzo. Na pete ikipasuka, ute hutoka ukaubana mshipa wa fahamu, maumivu yakashuka takoni hadi unyayoni.

Matabibu wa Kiarabu waliyajua maumivu hayo kwa jina la irq an-nasaa, na Ibn Sina aliyataja katika Kanuni yake. Wazee wetu wa pwani nao waliyatibu kwa kukanda kwa mafuta ya uto na kwa kuumika, matibabu yaliyompa mgonjwa faraja, na faraja si kitu kidogo. Ila sababu yenyewe haikuthibitika mbele ya ulimwengu wa tiba hadi mwaka 1934, pale Mixter na Barr, mabingwa wawili wa Boston nchini Marekani, walipoonyesha kwamba kitakia kilichopasuka ndicho kinachoubana mshipa.

Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907, fidia walilipwa mabwana. Wenye migongo iliyochoka hawakulipwa kitu. Haikupita miaka mingi serikali ya Kiingereza ikawageukia Wagiriama, ikitaka vijana wao kwa vibarua, na Mekatilili wa Menza, mwanamke kiongozi wao, akawaapisha watu mwaka 1913 wasiwatoe. Mwaka uliofuata Kaya Fungo, makao yao matakatifu, ikalipuliwa na serikali hiyo kwa baruti. Katika madai yote ya Wagiriama, hilo la kukataa kuuza nguvu za miili yao kwa masharti ya mgeni ndilo ninalolistahi zaidi. Kisha yakaja mashamba ya mkonge ya Kilifi na Vipingo, na machimbo ya mawe ya matumbawe, na kuinama kukaendelea.

Leo hamali wa Malindi angali akijitwika gunia la kilo 90, ilhali Shirika la Kazi Duniani lilikwisha kushauri mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Enyi wenye maghala ya Malindi na Kilifi, shoneni magunia ya kilo 50. Gharama yake ni uzi na sindano.