Maumivu Yanayobaki Baada ya Jeraha

Kila ninapofundisha historia ya vita, hurudi kwenye kitabu kidogo cha mwaka 1864 cha madaktari watatu wa hospitali ya Turner's Lane, Philadelphia: Silas Weir Mitchell, George Morehouse na William Keen. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa havijaisha, nao walikabidhiwa askari ambao risasi zilikuwa zimejeruhi mishipa yao ya fahamu.

Kidonda kilikwisha kufunga, lakini mkono uliwaka kama umetiwa motoni. Ngozi iling'aa, na hata mchakacho wa gazeti ulimtesa mgonjwa. Wapo walioshinda na kitambaa chenye maji mkononi. Wengine walimimina maji ndani ya viatu. Maji hayo na sindano za mofini ndiyo yaliyokuwa nafuu yao. Baadaye Mitchell aliyaita maumivu hayo kausalgia.

Mwaka huohuo, madaktari haohao walichapisha makala ya kuwafichua askari wanaojifanya wagonjwa. Mtuhumiwa alivutishwa etha. Alipoanza kuzinduka, kiungo alichodai kimepooza kikacheza. Sioni ajabu: jeshi lilitaka watu, na daktari (aliyelipwa na serikali hiyohiyo) aliwekwa mlangoni kuamua nani arudi vitani.

Vigezo vya leo vya kutambua maradhi haya bado huanza na maumivu yaliyozidi kiasi cha jeraha. Hakuna kipimo cha damu wala picha inayoyathibitisha peke yake. Daktari humsikiliza kwanza mgonjwa.