Mwalimu wa UPE

Siku hizi ukimwita mtu "mwalimu wa UPE" umemtukana. Aliyenifundisha kusoma, hapa Igowole, alikuwa mmoja wao.

Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977. Walimu wangetoka wapi? Vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa chaki: wanafundisha, halafu wanafundishwa wao, kwa masomo ya posta na redio. Mezani kwa mwalimu wangu kulikuwa na madaftari yetu ya kusahihisha, na lake la kusahihishwa.

Leo kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini. Walimu wanakaa pamoja, wanakosoana vipindi. Jambo jema. Ila yule kijana alishajifunza kazini zamani, tena tukimtazama. Tumheshimu basi, jamani.