Mchanga Unaolipa: Safari ya Istilahi Kutoka Mtoni Hadi Mfukoni

Miongoni mwa bidhaa zinazouzwa leo Marekani na Kanada imo moja ambayo kwa mfasiri wa Kiswahili ni mtihani mdogo lakini wa kweli. Bidhaa hiyo ni mfuko wa mchanga. Mnunuzi huupokea nyumbani kwa posta, humimina mchanga kidogo kidogo katika karai lenye maji, huutikisa na kuuosha, na mwishowe, akijaliwa, huona chembe za dhahabu zimetulia chini. Hafanyi hivyo kwa kutafuta riziki. Anajiburudisha, au anawafundisha watoto wake, au anajizoeza kabla ya kwenda mtoni wakati wa joto. Kwa Kiingereza bidhaa hiyo ina jina ambalo, likifasiriwa neno kwa neno, ni "udongo unaolipa".

Makala haya yanakusudia kueleza jina hilo lilitoka wapi, maana yake ilibadilika vipi, na yafaa tulifasiri namna gani. Jambo lenyewe si dogo kama linavyoonekana. Tutaona kwamba katika biashara hii kinachotenganisha uuzaji wa halali na ulaghai ni maneno machache yaliyoandikwa juu ya mfuko. Mwenye kuyafasiri maneno hayo, basi, amebeba dhamana.

Asili ya jina

Tarehe 24 Januari 1848, James Marshall, fundi aliyekuwa akisimamia ujenzi wa kiwanda cha kupasulia mbao cha John Sutter huko Coloma, California, aliona vipande vya dhahabu katika mfereji wa maji wa kiwanda hicho. Mwaka uliofuata watu kwa maelfu walimiminika California. Wengi wao hawakuijua kazi ya kuosha dhahabu. Waliwakuta walioijua, hasa watu wa Sonora, Mexico, na wa Chile, pamoja na Wamarekani waliotoka Georgia, ambako dhahabu ilikuwa ikichimbwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1820.

Kwa hiyo msamiati wa kazi hiyo uliingia pamoja na walimu wake. Chombo cha mti cha kuoshea mchanga kiliitwa kwa Kihispania batea. Mashapo ya mto yenye dhahabu yaliitwa placer, neno la Kihispania lenye maana ya fungu la mchanga. Bahati kubwa ya mgodini iliitwa bonanza, neno la mabaharia lililomaanisha bahari shwari na hali njema ya hewa. Kiingereza kiliyapokea maneno hayo bila haya, kama Kiswahili kilivyopokea ya Kiarabu, Kihindi na Kireno.

Ndani ya msamiati huo, katika miaka ya 1850, ndimo tunamolikuta jina letu. Ili tulielewe hatuna budi kuielewa kazi yenyewe. Dhahabu ni nzito mno: uzito wake ni mara 19 ya ule wa maji, na ni kama mara 7 ya ule wa mchanga wa kawaida. Mto unapoisukuma, huzama hadi chini, ikajikusanya juu ya mwamba na katika nyufa zake, na katika kingo za ndani za mapindo ya mto, ambako mkondo hupungua nguvu. Mchimbaji hulazimika kwanza kuondoa tabaka la juu lisilo na kitu, ndipo afikie tabaka lenye dhahabu. Alihitaji basi majina mawili: moja la udongo wa kutupwa na moja la udongo wa kuoshwa.

Yafaa kusisitiza kwamba "kulipa" hapa hakukuwa na maana ya kuwa na dhahabu tu. Mchanga waweza kuwa na dhahabu na bado usilipe. Ulilipa pale dhahabu yake ilipozidi gharama za kuuchimba, kuubeba na kuuosha, pamoja na chakula cha mchimbaji, ambacho katika kambi za California kilikuwa ghali mno. Jina hilo lilikuwa hukumu ya hesabu. Ndiyo sababu mchanga ule ule uliweza kulipa leo na kesho usilipe. Karai lilipofuatwa na sanduku la kubembezwa, na sanduku likafuatwa na mifereji mirefu ya mbao, mchanga uliodharauliwa jana ukawa wa kulipa. Kuanzia 1853 milima mizima ilibomolewa kwa maji ya shindo. Tarehe 7 Januari 1884 hukumu ya Jaji Lorenzo Sawyer ilikomesha kumwaga vifusi vya migodi hiyo katika mito iliyokuwa ikiharibu mashamba ya bondeni. Milima iliyokuwa ikilipa haikulipa tena, ingawa dhahabu yake ilibaki pale pale.

Kutoka shimoni hadi kwenye lundo

Hatua ya pili ya safari yetu iko Kanada, katika eneo la Yukon. Mwezi Agosti 1896, Keish, mzalendo wa nchi ile aliyejulikana pia kwa jina la Skookum Jim, pamoja na jamaa zake na shemeji yake George Carmack, walipata dhahabu katika kijito kinachoingia mto Klondike. Kijito hicho kikapewa jina la Bonanza, na kwa hiyo lile neno la mabaharia wa Kihispania likafika kaskazini ya mbali.

Ardhi ya huko imeganda mwaka mzima. Wakati wa baridi wachimbaji waliwasha mioto ili kuiyeyusha, wakachimba kidogo kidogo hadi kwenye mwamba, na mchanga uliotoka wakaulundika juu. Kuuosha hakukuwezekana, kwa kuwa maji nayo yalikuwa barafu. Lundo lilingoja hadi majira ya kuyeyuka. Kwa miezi mingi utajiri wa mtu ulikuwa ni kilima cha mchanga kilichosimama mbele ya kibanda chake, naye alikijua kwa kupima karai moja moja tu na kukadiria thamani ya dhahabu katika kila karai.

Hapo istilahi yetu ilipata sura mpya. Huko California udongo unaolipa ulikuwa tabaka la ardhi. Huko Klondike ulikuwa pia kitu kilichokwisha kutengwa na ardhi, kinachoweza kutazamwa, kukadiriwa na kugombewa. Kutoka lundo hadi mfuko si mbali.

Kutoka kwenye lundo hadi mfukoni

Hatua ya tatu ilitokana na bei na sheria. Kwa karibu karne nzima bei ya dhahabu Marekani ilikuwa dola 20.67 kwa wakia. Mwaka 1933 serikali iliwaamuru raia kuisalimisha sehemu kubwa ya sarafu na vipande vyao vya dhahabu, na mwaka 1934 bei ikawekwa kuwa dola 35. Raia waliruhusiwa tena kumiliki dhahabu kwa uhuru kuanzia tarehe 31 Desemba 1974. Bei, ambayo sasa ilikuwa huru, ilifikia dola 850 mwezi Januari 1980. Karai likatoka tena ghalani, safari hii likiwa chombo cha burudani.

Lakini si kila mtu anakaa karibu na mto wenye dhahabu, na si kila mto uko wazi. Chini ya Sheria ya Uchimbaji ya mwaka 1872, ambayo ingali ikitumika, sehemu nyingi za mito zina wenyewe waliozidai kisheria, na mgeni hawezi kuosha humo bila idhini. Mfuko ulikuja kuziba pengo hilo.

Hapa ndipo maana ilipogeuka juu chini. Mchanga wa California ulimlipa aliyeuosha. Mchanga wa mfukoni humlipa kwanza aliyeuuza. Muuzaji anayejua kiasi cha dhahabu kilichomo hawezi kuuza chini ya thamani yake na bado akabaki katika biashara. Gharama za mchanga, za mfuko na za posta humwangukia mnunuzi. Kwa kawaida, basi, mnunuzi hutoa fedha zaidi kuliko dhahabu atakayoipata. Hilo peke yake si dhuluma. Anayelipa kiingilio cha mpira harudi nyumbani na mpira, na hakuna anayesema ameibiwa. Dhuluma huingia pale jina la bidhaa linapomfanya aamini kwamba ananunua dhahabu.

Aina tatu chini ya jina moja

Ukichunguza mifuko hiyo utaona kwamba jina moja limefunika vitu vitatu. Kipo kwanza mchanga uliochotwa mahali penye dhahabu na kutiwa mfukoni kama ulivyo. Baadhi ya wauzaji huandika kwamba haujapekuliwa, dai ambalo mnunuzi hana njia ya kulihakikisha. Kipo pili mchanga uliokwisha kupunguzwa kwa kuoshwa, hata ukabaki ule mweusi na mzito wenye chuma, ambamo dhahabu imekolea. Kipo tatu mchanga wowote uliotiwa dhahabu iliyopimwa, ili mnunuzi asikose kitu. Wapo pia wanaotia kipande kikubwa katika mfuko mmoja kati ya mingi, na hapo biashara inakaribia bahati nasibu.

Aina ya tatu inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ina jamaa mwenye sifa mbaya. Katika karne ya 19 kuweka madini kwa siri mahali yasipokuwapo, ili kumhadaa mnunuzi wa mgodi, kulikuwa kosa mashuhuri. Mwaka 1872 Philip Arnold na John Slack walitawanya almasi na mawe mengine ya thamani katika eneo la Colorado, wakawanasa matajiri wa San Francisco, hadi mtaalamu wa miamba Clarence King alipofichua hila hiyo. Wamarekani hukiita kitendo hicho kwa neno lao la kutia chumvi. Mfasiri asiharakishe kufurahi kwamba Kiswahili kina usemi huo huo. Kwetu anayetia chumvi huongeza maneno katika habari, wala hagusi mchanga. Hapa litumike neno kupandikiza.

Sasa tulinganishe. Arnold na Slack walipandikiza mawe ardhini, na mwenye kutengeneza mfuko hutia dhahabu mchangani. Kazi ya mikono inafanana. Tofauti ni kwamba huyu wa pili amesema. Neno "uliotiwa" likiandikwa, biashara ni halali. Likiachwa, au mfasiri akiliona halina uzito akalipitia, mnunuzi wa Kiswahili ataamini kuwa mto ndio uliompa.

Funzo la karibu na kwetu

Kwamba jina la mchanga ni jambo zito, Watanzania hawahitaji kuambiwa na California. Mwezi Machi 2017 serikali ilizuia usafirishaji wa makontena yaliyobeba kile ambacho wengi walikiita mchanga wa dhahabu, na makontena 277 yaliyokuwa katika bandari ya Dar es Salaam yakachunguzwa. Katika mjadala huo neno makinikia lilitoka kwa wataalamu likaingia sokoni na vijiweni. Aliyesema "mchanga" aliwafikirisha wasikilizaji kuhusu ardhi iliyozolewa kwa koleo. Aliyesema "makinikia" alitaja mbale iliyokwisha kusagwa na kuchambuliwa, yenye shaba, dhahabu na fedha. Kiasi cha madini hayo kiligombewa sana, lakini neno lilikuwa limekwisha kueleza ni kitu gani kinachogombewa.

Mapendekezo

Kwanza, kitendo chenyewe kisiitwe kuchekecha. Chekeche lina matundu, na kinachotafutwa hupita au hubaki kwa ukubwa wake. Karai halina tundu, na hutenganisha kwa uzito, kama ungo wa kupepetea unavyotenganisha punje na makapi. Wachimbaji wadogo wa Tanzania husema kuosha dhahabu, na usemi huo unatosha: kuosha mchanga kwa karai.

Pili, "mchanga unaolipa" utumike kwa maana yake ya uchimbaji tu, yaani mchanga ambao dhahabu yake inazidi gharama za kuipata.

Tatu, bidhaa ya burudani iitwe mchanga wa mfuko. Jina hilo halimwahidi mtu chochote. "Mchanga wa kuoshea" haufai, kwani msomaji atadhani ni wa kusugulia masufuria. Baada ya jina lazima lifuate neno la kubainisha: mchanga wa mfuko asilia, mchanga wa mfuko uliotiwa dhahabu, au makinikia ya mfuko. Neno hilo la pili lisiachwe hata kama nafasi ni finyu.

Nne, vipimo viandikwe kwa gramu. Wakia ya kupimia dhahabu ni gramu 31.1, ilhali wakia ya kawaida ni gramu 28.35, na anayezichanganya hukosea kwa karibu sehemu moja ya kumi. Aidha, dhahabu ya mtoni aghalabu huwa na fedha ndani yake, kwa hiyo uzito wa chembe si uzito wa dhahabu safi.

Huenda mwalimu, karani wa forodha au mfasiri akaona kwamba haya ni mambo ya mchezo wa watu wa mbali. Lakini bidhaa za posta hazina mpaka, na siku mfuko huo utakapowekwa mezani pake, mwenye mfuko atataka kujua jambo moja tu: ndani mna nini? Istilahi njema ni ile itakayomjibu kabla hajautoa fedha mkononi.