Waya, Mwezi na Treni: Historia ya Wapanga Sumaku wa CERN

Mwashi akishashusha timazi na ukuta ukasimama, hukusanya vifaa vyake akaenda zake. Mpanga sumaku wa CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyo karibu na Geneva kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, hana ruhusa hiyo.

Kisa kilianza 1952. Wanasayansi wa Brookhaven, Marekani, walionyesha kuwa sumaku zikipishana, moja ikibana upande ambao mwenzake anatanua, mwale wa chembe hubaki mwembamba, na mtambo wa kuharakisha chembe huwa rahisi kuujenga. Kitumbua kikaingia mchanga pale John Lawson wa Harwell, Uingereza, alipoonya kwamba sumaku zikikaa kombo hata kidogo, kosa hujirudia kila mzunguko hadi mwale upotee. Michoro ya mtambo wa CERN ikarekebishwa, na mpima ardhi akapata kiti mezani pa wanafizikia.

Mtambo huo, PS, wenye mzingo wa mita 628, uliwaka Novemba 1959. Kikosi cha wapimaji cha Jean Gervaise kilipima kwa waya wa invari, aloi ambayo joto haliirefushi ila kidogo mno.

Kazi yenyewe huanzia karakanani. Koili huzungushwa ndani ya tundu la sumaku ya kubana; pale uga unapokuwa sifuri ndipo kitovu, na si lazima kiwe katikati ya chuma. Umbali wa kitovu hicho hadi alama zilizo juu ya sumaku huandikwa, maana handakini ni alama tu zinazoonekana. Kisha sumaku hupangwa kama safu ya sala: kila mmoja hutazama bega la jirani. Pete nzima ikihama pamoja, hakuna neno. Moja ikichomoza sehemu ya kumi ya milimita, ni shida.

LEP, mtambo mwingine wa CERN, pete ya kilomita 27 ndani ya handaki, ilianza 1989. Nishati ya mwale ikawa inapanda na kushuka bila sababu. Mvuvi yeyote wa pwani angeuliza mwezi una siku ngapi. Ndivyo ilivyokuwa: ardhi nayo ina bamvua yake, na mzingo ulibadilika kama milimita moja. Mwaka 1995 ukazuka usumbufu mwingine, uliotulia usiku wa manane tu. Ulitoka kwenye treni za TGV, ambazo umeme wake ulivuja ardhini ukapita katika bomba la mwale. Mwaka uliofuata mwale uligoma kabisa. Walipofungua bomba jirani na sumaku, walikuta chupa mbili za bia. Hizo hazikuwamo kwenye hesabu ya mtu.

Leo handaki hilohilo lina mtambo wa LHC: sumaku za kupinda 1,232, kila moja mita 15 na tani 35, zikifanya kazi kwenye baridi ya nyuzi 271 chini ya sifuri. Molasi, mwamba ulio chini yake, bado unasogea. Kila mtambo unapozimwa kwa matengenezo marefu, wapimaji hushuka na vyombo vyao, wakaanza upya na sumaku ya kwanza.