Umri wa watalii wa Japani wanaosafiri nje ya nchi

Umri wa watalii wa Japani wanaosafiri nje ya nchi umebadilika sana tangu mwaka 1964. Katika miaka ya 1990 vijana wa miaka 20 hadi 29 walikuwa wengi kati yao. Baadaye sehemu ya watu wa makamo na wazee iliongezeka.

Historia

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wajapani wa kawaida hawakuruhusiwa kwenda ng'ambo kwa matembezi tu. Ruhusa ilitolewa tarehe 1 Aprili 1964, kwa safari moja kwa mwaka na fedha zisizozidi dola 500 za Marekani. Nauli ilikuwa ghali, hivyo watalii wa kwanza walikuwa hasa watu wenye uwezo.

Ndege za Boeing 747, zilizoanza kubeba abiria mwaka 1970, zilisaidia kushusha nauli. Baada ya Mapatano ya Plaza ya 1985 yeni ilipanda thamani: dola moja ilishuka kutoka takriban yeni 240 hadi chini ya 130 mwishoni mwa 1987. Mwaka 1990 safari za nje zilifikia milioni 10. Wanawake vijana walioajiriwa, wengi wao wakiishi bado kwa wazazi, walikuwa kati ya wasafiri wakuu.

Kupungua kwa vijana

Mwaka 1996 watu wa miaka 20 hadi 29 walifanya safari takriban milioni 4.6, mwaka 2008 zilikuwa milioni 2.6 hivi. Kupungua kwa uzazi ni sababu mojawapo, lakini hakutoshi kueleza badiliko hilo. Kwa kila vijana 100, safari zilipungua kutoka takriban 24 hadi 18. Sababu nyingine ni mishahara isiyopanda na kuongezeka kwa ajira zisizo za kudumu.

Wakati huohuo, kizazi kikubwa kilichozaliwa 1947–1949 kilianza kufikisha miaka 60 mwaka 2007, na wastaafu wengi walikuwa na akiba na nafasi ya kusafiri.

Hali ya karibuni

Safari za vijana, hasa wanawake, ziliongezeka tena kabla ya UVIKO-19, na mwaka 2019 safari za Wajapani wa umri wote zilizidi milioni 20. Mwaka 2024 zilikuwa takriban milioni 13, kwa kuwa yeni dhaifu ilifanya safari kuwa ghali.